Maji yaingia makumbushoni kila masika: ua wenyewe waweza kuyazuia?

MtunzaStoo, Mji wa Kale

Asalaam alaikum, na habari zenu nyote.

Nafanya kazi katika makumbusho madogo ya umma hapa kisiwani Mombasa. Jina nitalihifadhi kwa sababu shauri bado liko mezani kwa wakubwa. Nyumba ni ya kale: kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, dari za boriti za mikoko, baraza mbili mbele. Mbele ya nyumba kuna ua wa mita 20 kwa 25 hivi, una mwarobaini mkubwa na kivuli kizuri ambapo watoto wa shule hukaa kusubiri zamu yao ya kuingia.

Barabara ya nje imewekwa lami juu ya lami, kisha kabro, yale matofali ya saruji, juu yake, hadi sasa iko juu ya ua wetu kwa sentimita 18. Nilipima mwenyewe. Mvua ikishika, maji ya mtaa mzima yanaingia langoni, yanapita chini ya mwarobaini na kusimama kwenye ngazi ya stoo. Yakizidi yanaingia ndani. Katika mvua za El Niño za Novemba 2023 yalifika rafu ya chini kabisa. Tuna kasha la kale lenye nakshi za misumari ya shaba. Ubao wake wa chini ulivimba, misumari ikaanza kufyatuka mmoja mmoja, na ule mstari wa maji hautoki hata ukisugua namna gani. Kasha lile lilipita mikononi mwa watu wangapi, likavuka bahari, likaja kuharibikia kwetu, mahali lilipoletwa litunzwe. Limeniuma sana.

Tena kuna bomba la kutoa maji uani kwenda baharini. Siku za bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, halitoi kitu. Maji yanarudi juu kupitia wavu, na yana chumvi, nimeyaonja.

Pendekezo lililoko sasa ni hili: ukuta wa ua uinuliwe, ua wote umwagwe zege, kuta za nyumba zipigwe plasta ya saruji hadi kiunoni, na inunuliwe pampu. Mimi sina elimu ya ujenzi, ila moyo wangu umekataa. Mgeni mmoja aliniambia kwamba kuna majumba ya makumbusho duniani yanayolindwa dhidi ya mafuriko kwa namna ardhi na bustani zilivyotengenezwa. Je, inawezekana hapa kwetu, kwa nyumba kama hii? Paa lina kama mita za mraba 300. Naomba mwenye ujuzi aniambie kitu ambacho naweza kukipeleka kwenye kikao.

DukaLaMabomba, Mwembe Tayari

Nauza pampu, kwa hivyo ningefurahi mje mnunue. Lakini nikuulize mambo mawili. Mvua kubwa ikianza, stima yenu hukaa? Na maji mtakayoyavuta mtayamwaga wapi, ikiwa barabara iko juu yenu na imejaa? Pampu ni ya kumalizia yaliyobaki. Ukiifanya ndiyo kinga yako ya kwanza, itakuangusha usiku wa manane.

BustaniZaPwani, Kisauni

Dada yangu, moyo wako umekuambia kweli. Kazi yangu ni kusanifu bustani na viwanja, nimefanya hapa Mombasa na kidogo Malindi, na swali lako nimelisoma mara mbili kwa sababu ndilo jambo ninalopigania kila siku na wenye nyua.

Kwanza hesabu, maana kikao hupenda hesabu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Mvua ya milimita 50 kwa siku moja si ajabu kwetu mwezi wa Mei. Paa lako la mita 300 litaangusha lita 15,000. Ua wa mita 500 utapokea lita 25,000. Jumla lita 40,000, na hapo sijaweka tone moja la barabarani. Mkimwaga zege, zote hizo zitakuwa zinatafuta pa kwenda kwa wakati mmoja, na pa kwenda ni bomba lile lile linaloziba bahari ikijaa. Mkiinua ukuta juu ya hapo, mtakuwa mmejenga birika, na nyumba yenu imo ndani ya birika.

Sasa tuitazame bahari, kwa sababu hapa ndipo mipango mingi ya kuigwa kutoka bara inapofeli. Wavuvi wanajua: siku za bamvua maji hujaa alfajiri na alasiri, na hupwa saa nne, saa tano za asubuhi. Kati ya kujaa na kupwa hapa Mombasa kuna tofauti ya zaidi ya mita 3. Kwa hiyo bomba lenu halijafa, linapatwa na saa zake. Mvua ikinyesha alasiri ya bamvua, mna saa tatu nne hivi ambazo tone haliwezi kutoka. Kazi ya ua wenu ni kuyashika maji kwa saa hizo, mbali na nyumba, mpaka bahari irudi nyuma. Ukilielewa hilo, mengine yote yanafuata.

Ningefanya hivi. Langoni ningejenga mwinuko mpana, wa sentimita 25, ili upite ile 18 ya barabara na ubakishe akiba. Usiwe kama tuta la kupunguzia mwendo wa magari. Uwe mteremko laini pande zote mbili, mtu wa kiti cha magurudumu aupande bila kusukumwa. Kwa kipimo cha 1 kwa 12, sentimita 25 zahitaji mita 3 za mteremko upande wa ndani, na mnayo nafasi hiyo. Kwenye miimo ya lango mchonge mifuo ya kupachikia mbao nzito, za kutumika mvua ikitangazwa kuwa kubwa. Washington, Marekani, wana kitu cha namna hii kwa ukubwa wa mji: karibu na ule Mnara wa Washington kuna tuta la udongo lililoota nyasi, watu wanalipita hawajui ni kinga ya mto, na pale Barabara ya 17 inapolikata kuna vizuizi vya kupachika kwa siku ya hatari. Nyuma yake kuna majumba ya makumbusho ya taifa zima. Wanajua wanachokilinda. Juni 2006 mvua ilifurika mitaa ile na maji yakaingia chini ya jengo la Hifadhi ya Nyaraka za Taifa.

Kisha ua. Kona iliyo mbali kabisa na nyumba, si chini ya mita 5 kutoka ukutani, chimbeni bonde la kina kifupi. Mita za mraba 80, kina cha wastani sentimita 25, linabeba lita 20,000. Kingo zake ziteremke polepole, na siku za jua watoto wakae humo kwenye nyasi. Ardhi yote kuanzia ngazi ya stoo ielekezwe kule. Huhitaji mashine kujua mwelekeo: chukua ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani, jaza maji, mtu mmoja asimame ngazini na mwingine kwenye kona, na mtaona wenyewe ardhi inainamia wapi. Naamini mtakuta inainamia mlangoni mwenu. Nyua nyingi za zamani zimejazwa vifusi mwaka hadi mwaka mpaka zikageuka.

Maji ya paa yasiguse ua kabisa. Tanki la lita 10,000 upande wa nyuma, na yanayozidi yaende bondeni kwa mfereji wa wazi wa mawe. Wa wazi, nasisitiza, kwa sababu mfereji uliofunikwa mtausahau na utajaa majani ya mwarobaini. Fort Jesus kwenyewe kuna birika la maji ya mvua, kwa hivyo hakuna atakayesema mnaleta mambo ya kigeni. Na kwenye mdomo wa bomba la baharini tieni kifuniko cha bawaba kinachofunguka upande mmoja tu, maji yatoke, bahari isiingie.

Tahadhari moja kubwa. Kisiwa chetu ni mwamba wa matumbawe, una matundu. Miami wana mwamba wa chokaa wenye matundu vilevile, na bahari huwapandia kutoka chini hata palipo na ukuta. Ndiyo sababu jumba lao la sanaa la Pérez, lililofunguliwa 2013, limeinuliwa juu ya nguzo, magari yanaegeshwa chini yake mahali pa wazi. Sisi hatuwezi kuinua nyumba ya kale. Lakini kabla ya kuchimba bonde, chimbeni shimo moja la majaribio la mita 1, mlijaze maji, mtazame yanachukua muda gani kunywewa. Fanyeni siku ya maji mafu, bahari isipojaa sana, mrudie siku ya bamvua. Kama siku ya bamvua shimo linajaa lenyewe kutoka chini, bonde liwe la kina kifupi zaidi na pana zaidi. Usimruhusu mtu akuchoree bonde kabla ya jaribio hilo.

MzeeChokaa, Kibokoni

Salamu zenu wanangu. Huyu wa Kisauni amesema ya ardhi, nami niseme ya ukuta.

Binti, hiyo plasta ya saruji ikataeni. Ukuta wa matumbawe na chokaa unavuta unyevu na kuutoa, ndivyo ulivyojengwa. Ukiufunga kwa saruji nje, unyevu hupanda juu ndani ya ukuta ukitafuta pa kutokea, na chumvi hupanda nao. Ukifika pale saruji inapoishia, chumvi hukauka na kugeuka chembe, nazo husukuma chokaa mpaka ianguke vipande vipande. Piteni mitaa yetu hii mtazame nyumba zilizopigwa saruji hadi kiunoni: uozo wote uko kifuani. Kama plasta ya chini imeharibika, bandueni, acheni ukuta ukauke kiangazi kizima, kisha pigeni chokaa iliyolowekwa vizuri. Ukuta uliolowa maji ya bahari wataka usuguliwe chumvi kwa brashi kavu mara kwa mara kabla ya kupigwa kitu.

Tena acheni ukanda wa upana wa mita 1 kuizunguka nyumba, msipande kitu wala msiweke kabro. Changarawe tupu. Maua yanayomwagiliwa ukutani yameangusha nyumba nyingi kuliko mvua.

Na kabla ya jembe kugusa ua, waiteni watu wa mambo ya kale. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inataka vitu vya kale vikionekana vitolewe taarifa, na ardhi ya Mji wa Kale ukichimba nusu mita tu waweza kukuta vigae vya Uchina. Itakuwa fedheha makumbusho kuharibu turathi yakilinda turathi.

MtunzaStoo, Mji wa Kale

Shikamoo Mzee. Nawashukuru sana nyote, na wewe wa Kisauni Mungu akulipe. Nimeyachapisha yote.

Nimeongea na mkubwa wangu leo asubuhi. Hajakataa. Ameuliza mambo matatu ambayo sikuweza kumjibu: mbu, kwa sababu dengi na chikungunya tumeziona hapa Mombasa, bondeni papandwe nini, na kama pesa zikitoka kidogo kidogo, tuanze na lipi?

BustaniZaPwani, Kisauni

Mbu anahitaji kama juma moja maji yakiwa yamesimama ndipo kizazi kipya kiruke. Bonde lenu linatakiwa kukauka ndani ya siku mbili. Likipitisha hapo, chini pana tope limeziba, mfukue na kutia mchanga na kokoto. Tanki lifungwe kwa wavu mdomoni. Ukitaka kujua mbu wa dengi wanazaliwa wapi, angalieni kwanza vile vifuniko na makopo nyuma ya jengo.

Kwa mimea, chagueni ile inayostahimili kulowa leo na kukauka mwezi mzima. Ukoka kwa sehemu kubwa, watoto wanakaa na unashika udongo. Chini kabisa pandeni mikindu, mti wetu wa mahali pa majimaji, na akina mama wanaosuka mikeka watawaombeni makuti yake. Mvinje unavumilia chumvi na mwamba, kule Bamburi umeota juu ya machimbo matupu ya matumbawe, ila uwekeni ukutani mwa ua, mbali na nyumba. Mwarobaini wenu msiukate. Unanyonya maji mengi na kivuli chake kina kazi. Chunguzeni tu kama mizizi imefika kwenye bomba.

Pesa. Kazi ya kwanza haina gharama: kesho vitu vyote vya rafu ya chini vipandishwe juu, na kasha lile likae kwenye vigoda vya sentimita 60, hata kama stoo itaonekana imejaa. Mafuriko ya Florence, Italia, ya tarehe 4 Novemba 1966 yaliharibu maelfu kwa maelfu ya vitabu vilivyokuwa ghorofa za chini. Halafu lango, kabla ya Machi, maana hapo ndipo maji yasiyo yenu yanapoingilia na ni kazi ya fundi mmoja na vibarua wawili. Kisha kifuniko cha bomba, kisha tanki. Bonde lingoje jaribio la shimo na watu wa mambo ya kale, kama alivyosema Mzee.

Bamvua ikiwadia niandikie siku moja kabla, nitavuka nije na mpira wa kupimia. Tulifanye lile jaribio la shimo pamoja, na mkubwa wako awepo aone.