Magari ya mbio ya haidrojeni: tunaokoa ngurumo au tunamwaga umeme?

Mzee wa Garuga: Wakuu, mwaka 2021 Toyota waliingiza Corolla ya haidrojeni kwenye mbio za saa 24 za Fuji, Japani, Akio Toyoda mwenyewe, aliyekuwa rais wa kampuni, akiwa mmoja wa madereva, na ikamaliza. Injini ya silinda 3, lita 1.6, turbo, ukoo mmoja na ya GR Yaris, gari lao dogo la michezo. Inanguruma kama gari, na bombani kunatoka mvuke tu. Kwa nini sisi wapenzi wa rali tusukumwe kwenye betri? Bwawa la umeme la Karuma tunalo hapa Uganda, megawati 600, na umeme wa ziada tunaulipia bila kuutumia.

Mwalimu Jinja: Ilimaliza, mzee wangu, lakini muda mwingi ilikuwa imesimama ikijazwa gesi na kukaguliwa. Piga hesabu. Uniti 100 za Karuma ukizitia kwenye betri, kama 70 hadi 80 zinafika magurudumuni. Ukitumia umeme huo kupasua maji ili upate haidrojeni, karibu 30 zimekwenda hapo hapo, na kuishindilia gesi hadi shinikizo la bar 700 kunakula nyingine. Mirai, gari la Toyota lenye seli zinazogeuza haidrojeni kuwa umeme, inabakiwa na 30 hivi. Corolla inayoichoma kwenye silinda inabakiwa na pungufu ya hapo. Na si mvuke tu: joto la silinda linazaa oksidi za naitrojeni, gesi chafu, kutoka kwenye hewa. Halafu nani ataitengeneza hapa? Mafundi wa soko la vipuri la Kisekka, Kampala, wanaofunga tangi kwa waya na sabuni?

Fundi Ndeeba: Mwalimu, hiyo sabuni umeigusa vibaya. Tangi likitoboka uko Luweero usiku, kipande cha sabuni kinaziba kwa sababu petroli haiyeyushi sabuni. Kinakufikisha gereji, basi. Ukifika kwangu nalishusha, nalisuuza kwa maji ya moto, nalijaza maji ndipo nichomelee, maana kinacholipuka ni mvuke wa petroli uliobaki ndani. Mtu anayejua hayo utamdharau kwa gesi?

Binti Koboko: Asante fundi. Kiira EV, gari la umeme, ilipotoka Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 2011 watu walicheka hivi hivi. Miaka 5 baadaye Kayoola, basi la sola, likazinduliwa. Tunapenda sana kudharau mikono yetu.

Mwalimu Jinja: Sijamdharau mtu. Haidrojeni inapenya mahali petroli haipenyi, na mwali wake mchana hauonekani kwa urahisi. Tangi lake ni la nyuzi za kaboni, halichomelewi, linabadilishwa.

Fundi Ndeeba: Umeandika "waya na sabuni". Iko hapo juu, kila mtu anaisoma.

Mzee wa Garuga: Jamani, mimi niliuliza gari! Mwaka 2023 Toyota walihamia haidrojeni ya kimiminika, nyuzi 253 chini ya sifuri, ili gari libebe nyingi na liende mbali. Wanaendelea mbele.

Mwalimu Jinja: Na kuipoza mpaka hapo ni umeme mwingine tena, mzee. Hesabu inazidi kuharibika.

Boda Mbale: Nyinyi mnagawana uniti 100. Kwetu jana umeme umerudi saa nne usiku. Mimi nina boda ya betri, nabadilisha betri kituoni, naendelea na kazi. Kituo kikikosa umeme, nalala njaa. Mzungumzie nyaya kwanza.

Binti Koboko: Boda kasema. Karuma ipo, nyaya za kutufikishia ziko wapi?

Mwalimu Jinja: Ndiyo maana napinga kupoteza uniti 70 kwa ajili ya ngurumo! Fundi, ukifundishwa, ufundishwe betri. Kazi hiyo ipo leo, boda ziko barabarani.

Fundi Ndeeba: Hapo ungeanzia, tusingegombana. Vijana wangu wako tayari kesho asubuhi. Nani anawafundisha, na kwa ada ya nani?