Mutoto anaandika 7/8 − 3/8 = 4/0, nimuelezee namna gani?

MamaFuraha_Himbi
Jambo bandugu. Niko Goma, binti yangu iko mu ya ine primeri, jana amerudi na kaye imejaa wino nyekundu. Ni hesabu za kutosha fraksio zenye denominatere moja (ile nambari ya chini) na yeye anatosha juu anatosha na chini, 7 tosha 3 ni 4, 8 tosha 8 ni zero, basi 4/0. Zote tano ziko na zero chini. Mwalimu ameweka tu musalaba, hajaandika kwa nini. Mimi najua ya chini haiguswe lakini ameniuliza "mama, ju ya nini juu tunatosha na chini hatutoshe?" nikakosa jibu. Sipende kumwambia shika tu hivyo, ju mimi nilishikaka hivyo na tulipofika ku zile za 2 1/5 − 4/5 nikapotea kabisa.

Papa_Kadutu
Mama jambo. Umwambie tu chini inabakia, juu unatosha. Sisi wote tulisomaka vile.

Yaya_Lushi
Papa, na heshima yote, mama amesema njo ile hataki. Mama Furaha, nambari ya chini ni jina ya kipande. Ukiwa na 700 faranga ukalipa 300 unabakia na 400 faranga, neno faranga haliende popote. Na nane saba (7/8), ukitosha nane tatu (3/8), zinabakia nane ine (4/8), vile vile.

Mwalimu_Nguba
Mama, mimi nafundisha ya tano hapa Bukavu, hiyo kosa naionaka kila mwaka na si uvivu, mutoto amezoea nambari nzima, kila nambari anaona anaifanyia kazi. Kata chapati nusu, tena nusu, tena nusu, iko 8. Akule kimoja, inabakia 7/8. Utoshe tatu, umuulize: vipande vimekuwa vidogo? Hapana, ni vilevile vya nane, njo maana chini haibadilike. Halafu ile 4/0: chapati yenye haikukatwa hata kipande kimoja, hivyo vine vimetoka wapi?

MamaFuraha_Himbi
Tumefanya leo jioni. Vizuri, amehesabu ine, nikamwambia aandike, ameandika 4/4!! Anasema "mama, mbele yangu naona ine tu".

Mwalimu_Nguba
Usivunjike moyo, hapo njo penye kazi iko. Anahesabu vyenye vimebakia akasahau ile nzima. Mbele ya kukata, weka chapati juu ya karatasi, chora duara na mistari, nafasi 8. Ukitosha kipande nafasi yake inabakia wazi na anaiona. Ile 8 ni nafasi zote, zenye kitu na zenye hakuna. Kisha arudishe vile vitatu, 4/8 na 3/8, inarudi 7/8, anajihakikishia mwenyewe.

Yaya_Lushi
Nilisomaka kidogo Tanzania, kule ya juu wanaita kiasi, ya chini asili. Mi nilipendaka ile neno asili, ju kipande hata kikibakia peke yake asili yake ni ile chapati ya nane.

Papa_Kadutu
Asili. Hapo nimesikia vizuri, nitaitumia na wangu. Na ile 2 1/5 − 4/5?

Mwalimu_Nguba
Papa, chapati mbili nzima na kipande kimoja cha tano. Huwezi tosha vine ku kimoja, basi kata nzima moja vipande vitano: sasa uko na nzima 1 na 6/5. Tosha 4/5, inabakia 1 na 2/5. Ni kama kuvunja noti juu ya chenji.

MamaFuraha_Himbi
Aksanti sana bote. Karatasi imesaidia!! Nimemupa 5/6 − 1/6, ameandika 4/6, halafu akasukuma vipande vikashikana viwili viwili, ameangalia karatasi akasema "mama, si ni 2/3?" Hakuna mutu amemufundisha ile. Kesho tunaanza zile za 2 1/5, nimeshanunua unga.