Wazazi tuchangishwe kompyuta mpya kisa Windows 11? Mimi napinga

Fundi wa Arua
Habari zenu. Jumamosi nilikuwa kwenye kikao cha wazazi, shule ya sekondari anakosoma binti yangu hapa Arua, Uganda. Ajenda ya nne: kila mzazi aongeze shilingi 45,000 muhula ujao ili maabara ya kompyuta inunuliwe mashine mpya. Sababu iliyosomwa ni moja tu, kwamba Windows 10 "imekufa" na mashine zetu zinakataa Windows 11. Watu wakapiga makofi. Mimi nilinyoosha mkono nikaambiwa muda umekwisha, basi nayaleta hapa.

Kazi yangu ni kutengeneza kompyuta, kwa hiyo nianze na lililo kweli. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Haijafa. Inawaka kama jana, ila ukigunduliwa ufa mpya hakuna wa kuuziba. Na Windows 11 kweli inachagua: inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kama prosesa ni ya Intel, iwe kizazi cha nane kwenda juu, yaani zile zilizoanza kutoka 2017. Mashine za shule ni Dell OptiPlex 7010, Core i5 ya kizazi cha tatu, mambo ya 2012. Nilikaa kwenye moja nikaandika tpm.msc, amri ya kuuliza toleo la TPM, ikanijibu 1.2. Hapo sibishani na mtu.

Ninachobishia ni hiki: mashine ikikataliwa na Windows 11 ndiyo imekuwa takataka? Nilimwomba mwalimu anipe moja, ile ya kona ambayo wanafunzi wameiandika "Mzee" kwa chaki ubavuni. Kuiwasha mpaka uweze kufungua faili: dakika nne na nusu, nimepima kwa simu. Kuifungua, feni imevaa blanketi la vumbi jekundu, hadidiski ni ile ya kuzunguka, inakwaruza kama panya darini. Nikapuliza vumbi, nikabadilisha grisi ya prosesa, nikaweka SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, ya GB 240, RAM nikaitoa 4 nikaifikisha 8, nikasimika Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. Sekunde 31. Vifaa vyote havikufika shilingi 200,000. Zidisha kwa mashine 24, hujafika milioni tano. Kotesheni ya kikaoni ni milioni 41.

Halafu Mint haina leseni ya kununua. Na hizo Windows 10 tunazozililia, tusidanganyane, nyingi zilikrakiwa, yaani zilifunguliwa bila leseni, kwa programu iliyotoka kwenye fleshi ya sijui nani. Leo ndiyo tunakumbuka usalama?

Nipingeni, lakini kwa hoja.

Mwalimu wa ICT, Gulu
Fundi, kazi nzuri, ila wewe umekaa na mashine moja, mimi nakaa na watoto sitini. Sub ICT, somo dogo la kompyuta la S5 na S6 (sekondari ya juu), ina mtihani wa vitendo: kuchapa, jedwali la hesabu, slaidi, hifadhidata. Kwenye kuchapa sikusumbui, LibreOffice, zile programu za ofisi za bure, inatosha. Kwenye hifadhidata ndipo pagumu. Vitabu tulivyo navyo, mitihani ya miaka iliyopita tunayofanyia mazoezi, vyote vinazungumza Access, programu ya hifadhidata ya Microsoft, na Base ya LibreOffice ina njia zake nyingine kabisa. Mtoto aliyejifunzia huku akihamia shule nyingine S6 ataanza kutafuta vitufe wakati wenzake wanaprinti.

Tena kuna jambo hukulisema. Microsoft inauza nyongeza ya ulinzi wa Windows 10, na kwa taasisi za elimu mwaka wa kwanza ni dola 1 kwa kila mashine, wa pili 2, wa tatu 4. Dola saba kwa miaka mitatu! Sharti leseni yako iwe halali, na hapo ndipo wengi wetu tunapoinamisha kichwa.

Kijana wa Ntinda
Mnahangaika nini jamani. Tengeneza fleshi ya Windows 11 kwa programu ya Rufus, weka tiki pale pa kuondoa ukaguzi wa TPM, imeisha. Laptopu yangu ni kizazi cha sita, mwaka sasa inapiga kazi.

Fundi wa Arua
@Kijana wa Ntinda, naijua, nimeifanyia wateja, na kila mmoja nimemwambia kwamba Microsoft yenyewe imesema mashine ya namna hiyo haina haki ya kudai apdeti. Leo zinakuja, kesho wakizifunga huna pa kulalamika. Toleo la 24H2 la Windows 11 lilipotoka 2024, mashine za zamani za Core 2 Duo ziligoma kabisa hata kuwaka nalo, kwa sababu prosesa zile hazina amri moja ambayo toleo hilo linaitegemea. Kwako nyumbani fanya. Maabara ya shule siwezi kuijenga juu ya mlango wa nyuma.

@Mwalimu, hoja ya Access nimeipokea, inauma. Ya dola 1 pia. Basi walau mashine kadhaa zibaki na Windows kwa ajili ya hifadhidata.

Mama Steshenari, Bombo
Mwanangu fundi, mimi niliwekewa hiyo Linux dukani mwaka juzi na kijana kama wewe. Kasi, sina neno. Asubuhi ya kwanza mteja kaleta barua ya kuprinti, printa yangu ni Canon LBP6030, ile ndogo ambayo kila steshenari inayo. Ikakaa kimya. Kijana akahangaika nayo mpaka adhuhuri, mteja alishakwenda kwa jirani. Halafu ikaja zamu ya ritani za URA, mamlaka ya mapato. Ile fomu ni ya Excel yenye makro (amri ndogo zilizomo ndani yake), LibreOffice inaifungua lakini kitufe cha kuhakiki hakifanyi kitu. Nikarudi Windows jioni ileile. Kwa hiyo usimwendee basa (mhasibu) wa shule na Linux yako, atakufukuza na risiti zake.

Wa mitandao, Mbarara
Mimi naona mnajadili kasi na bei, wakati kuna kosa moja kubwa kuliko yote: kutofanya kitu. Mei 2017 WannaCry, programu hasidi ya kudai fidia, ilifunga mashine duniani kote, hospitali za Uingereza zikawarudisha wagonjwa. Kiraka chake, yaani apdeti ya kuziba ufa, kilikuwa kimetoka tangu Machi. Walioumia wengi ni waliokuwa hawajakiweka, na Windows 7 ndiyo iliyoongoza kwa kupigwa. Sasa fikirieni mahali ambapo kiraka hakitakuja kamwe.

Lakini fundi, swali langu ni moja. Wewe ndiye unayeijua Mint hapo shuleni. Ukipata kazi Juba kama wenzako, nani ataishika hiyo maabara?

Fundi wa Arua
Hilo swali la Juba ndilo ambalo hata mke wangu aliniuliza. Sina jibu la kujivunia. Nimemwambia mwalimu wa zamu anipe wanafunzi watatu wa S5, niwafundishe kusimika na kuweka apdeti kwa mikono yao. Wakitoka S6 wawe wamefundisha wengine. Mama, kwa basa nimekubali, yeye aachiwe Windows, na ninunuliwe soda kwa kutomgusa.

Mzee wa Busia
Fundi, swali la mtu mzima. Serikali ilitangaza kuzuia kompyuta za mtumba kuingia nchini tangu 2009, na bado sisi wa mpakani tunaziona. Hiyo kotesheni ya milioni 41, imeandikwa mashine gani? "Mpya" ya duka gani? Umeiona kwa macho?

Fundi wa Arua
Mzee, sikuwa nimeiona. Ilisomwa jumla tu. Nimempigia mjumbe mmoja wa kamati, ametuma picha sasa hivi. Naiandika kama ilivyo:

"HP EliteDesk 800 G3, Core i5-7500, RAM 8 GB, kioo cha inchi 22, idadi 24."

Mwalimu wa ICT, Gulu
7500? Hiyo si kizazi cha saba?

Fundi wa Arua
Cha saba, mwalimu.

Kijana wa Ntinda
😂😂 Rufus iko palepale.

Mama Steshenari, Bombo
Hebu nielezeni taratibu. Ina maana hizo za milioni 41 nazo Windows 11 inazikataa?

Fundi wa Arua
Nazo, mama. Naprinti hii picha nakala mia, kesho nakwenda nayo kwa mwenyekiti. Na printa yangu ni HP, kwenye Mint haijawahi kunigomea.