Dizaina wa River Road, nani aliwaambia fonti ya vichwa vikubwa ndiyo ya kuandikia bei?

Wakubwa, leo sitapunguza sauti.

Nina hoteli ndogo kando ya Jogoo Road: chai, chapati, maharagwe, matumbo. Nikataka bango, stika za kioo na menyu za mezani. Nikaenda River Road kwa kijana niliyesifiwa kuwa mkali. Kila kitu, narudia, KILA KITU, ameandika kwa Britannic Bold. Ile fonti inayokuja na Microsoft Office, nguzo za wima zimenona, vistari vya kulala vimekonda, na miguuni hakuna vimkia.

Herufi yenyewe sina ugomvi nayo. Ilitoka kwa wafua herufi wa Stephenson Blake, Sheffield, enzi za kuchapa kwa herufi za madini ya risasi. Juu ya mlango imekaa vizuri, hata kinyozi jirani ameisifu. Ikiwa kubwa, huo unene na wembamba ndio utamu wake. Lakini mtu anaishushaje hadi pointi 8 kwenye menyu, tena nyeupe juu ya maruni? Wino ukienea kidogo tu, kistari chembamba kimemezwa. Herufi e imekosa mkato wa katikati, imekuwa c. Mteja ananiuliza "maharagwc" ni chakula cha watu gani.

Na nambari ya Lipa na M-Pesa, jameni! 6 na 8 zote zinafanana na 0. Saa saba mchana foleni imefika nje, watu wamekodolea kile kikaratasi macho: "Hii ni nane ama sufuri?" Mmoja amelipia matumbo yangu kwa duka la mtu mwingine kabisa.

Stika ndizo zilinimaliza. Vile vistari vilikatwa vyembamba hivi kwamba gundi haina mahali pa kushika. Msichana wa usafi kapitisha kitambaa chenye maji mara moja, H ikabaki nguzo mbili. Sasa kioo changu kinauza CIIAI na CIIAPATI.

Nikarudi kwa dizaina. "Mathe, hiyo ndiyo ya kisasa, inakaa ya hoteli kubwa." Ya kisasa, na ina zaidi ya miaka 100! Eti kwa skrini yake inasomeka. Si ameivuta ikajaa skrini nzima? Wateja wangu hawali ndani ya kompyuta yake.

Jina la hoteli lipambe utakavyo. Bei na nambari zipe herufi yenye mistari ya unene mmoja, hata Arial, sitakucheka. Na kabla hujachapa zote, chapa moja kwa ukubwa wake halisi, ibandike ukutani, rudi nyuma uisome.

Sasa anapiga simu akidai salio. Alete kwanza menyu zinazosomeka. Kuna anayemjua fundi wa stika upande wa Eastlands, wa kuja kupima kioo kabla ya kukata? Niwekeeni hapa chini, pesa ya kazi niko nayo tayari.