Tupeane uzoefu: Sikukuu za likizo tulizokulia, sahani zikipita nyumba kwa nyumba

Mleta mada: Wakuu, Desemba ndiyo hiyo, joto limeshika na shule zimefungwa. Krismasi iliyopita nilikula pilau na familia, geti limefungwa, na jirani wa ukuta wa kulia simjui hata jina. Nikakumbuka kwetu Tanga miaka ya themanini. Idd, sahani iliyofunikwa kwa kawa inatoka kwa jirani Mwislamu kuja kwetu. Krismasi, ya kwetu inaenda kwake, na kuku wote asubuhi wamechinjwa na mumewe ili nao wale bila wasiwasi. Kwenu ilikuwaje?

Mwana wa Rombo: Kwetu sikukuu ilianzia stendi ya mabasi ya Ubungo, Dar. Basi limejaa, nauli imepanda, mtu amekalia ndoo katikati ya njia hadi Moshi, na hakuna anayenuna! Ukifika, mbege, pombe yetu ya ndizi, imeshaiva na babu ameonja kata ya kwanza. Mbuzi anachinjwa mgombani, nyama inatandazwa juu ya majani ya migomba, watoto tunazunguka tukisubiri vipande vya maini. Kisusio, ile supu ya damu, cha wakubwa.

Ila kwangu kubwa lilikuwa usuluhishi. Baba mdogo na jirani yake walinuniana muda mrefu kwa ajili ya mfereji wa maji. Krismasi moja yule jirani akaingia uani na jani la sale mkononi. Mchagga akiletewa sale, kukataa kusamehe ni aibu ya ukoo mzima. Baba mdogo akalitazama lile jani, akakohoa, akaagiza kata. Jioni walikuwa wanabishania bei ya kahawa.

Wa Kakamega: Mbona hakuna aliyetaja chapati? Siku hizi ziko kila kibanda, lakini enzi zetu ni Krismasi tu. Karai limeazimwa kwa jirani, mama anazihesabu zikitoka, na ole wako ukikutwa na mafuta vidoleni. Imondo, yaani firigisi ya kuku, ilikuwa ya mzee. Hata mjomba wa Nairobi aliyekuja na mkate na sukari hakuthubutu kuigusa.

Binti Makunduchi: Sie huku Unguja yetu Julai, Mwaka Kogwa, mwaka mpya wa jadi. Wanaume wa kusini na kaskazini wanapigana kwa migomba, kibanda cha makuti kinatiwa moto, kisha milango yote wazi. Kukosa mgeni siku ile ni mkosi, basi bibi alikuwa akikaa barazani kuvizia wapita njia. Watalii washakuwa wengi, lakini la mgeni bado lipo.

Msomaji kimya: Mtanisamehe. Mnaosifia hapa ni mliokuwa mnakula. Mama yangu sikumbuki kumwona ameketi Krismasi hata moja. Moshi, masufuria ya kuazima, wageni wengine wanabisha hodi naye gauni jipya hajalivaa. Akija kukaa ni usiku, mbele yake ukoko.

Mleta mada: Dada, umenigusa. Nimempigia mama sasa hivi. Anasema kuchoka alichoka kweli, ila jikoni hakuwa peke yake, nusu ya wanawake wa mtaa walikuwa humo, na umbea wa siku ile haukupatikana siku nyingine. Nikamwomba anipe hata mmoja. Amekataa, eti wahusika wengine bado wako hai.

Mwana wa Rombo: Mpigie tena.