Presi, moka au koni ya karatasi? Naomba ushauri wa kahawa ya kila siku, niko Bukavu

Mwana wa Ibanda (mleta uzi)

Jambo ndugu zangu. Nimekwama, naomba mnisaidie kabla ya kesho jioni. Nyumbani kahawa inachemshwa kwenye sufuria tangu zamani, sasa nataka tuhamie njia moja ya mkono, ya kila siku, asubuhi na saa kumi. Mashine ya umeme siitaki hata ya bure, umeme wa hapa mnaujua. Maji yanachemkia kwenye mbabula, jiko letu la makaa. Kahawa ni ya Kabare, naipata ikiwa punje, imekaangwa wiki hiyohiyo.

Nimesoma hadi kichwa kinagonga. Kuna presi ya pistoni, ile ya glasi: unamimina maji juu ya kahawa, unangoja dakika nne, unashusha chujio la chuma. Kuna moka, kibirika cha chuma cha kuweka juu ya moto, maji yanapanda yenyewe kupitia kahawa. Kuna koni ya V60 na karatasi zake, inakaa juu ya kikombe na unamimina maji kwa mkono. Kuna AeroPress, bomba la kusukuma kahawa kwa mkono. Kila mmoja anasifia chake. Mimi naelekea presi kwa sababu haidai karatasi, ila naogopa kukosea maana pesa yenyewe ni ya kujibana. Mnywaji ni mmoja. Nipeni jibu moja, la wazi.

Kamalondo Mukubwa

Moka, yaya, usihangaike. Mimi niko Lubumbashi. Moka yangu ni ya aluminiamu, imeanguka kwenye sakafu ya sementi na bado inafanya kazi. Glasi ya presi ikianguka mara moja tu, umebaki na mpini. Alfonso Bialetti alileta kitu hiki mwaka 1933 na umbo lake ni lilelile. Maji yaishie chini ya valvu, kahawa ijae kikapu bila kushindiliwa, moto uwe mdogo, ikianza kukoroma unaitoa. Ukiiacha ikorome mpaka mwisho inakuwa chungu kama kwinini.

Nilifundishwa na Mwitaliano mmoja mwenye gereji, sisi vijana ndio tulikuwa tunamfungulia mlango asubuhi. Hakuna gari lililoguswa kabla ya moka kukoroma. Mpaka leo nikisikia ile sauti mkono unatafuta spana.

Mama Neema

Mwanangu, kahawa saa kumi jioni? Kafeini inachukua kama saa tano kupungua nusu mwilini. Saa tatu usiku, wakati watu wanaomba na kuzima taa, nusu yake bado inatembea kwenye damu. Halafu mnakuja humu kuuliza dawa ya usingizi. Kunyweni chai ya maziwa na tangawizi, mlale.

Mjukuu wa Idjwi

Mkitaja kahawa mnanikumbusha mbali. Sisi kisiwani tumekua katikati ya mikahawa, na nyumbani hapakuwa na mtu anayeinywa. Babu alilima kahawa aina ya Bourbon, akauza, jioni akanywa kasiksi yake, pombe ya ndizi. Miaka ile ambayo bei ya upande wetu haikuwa na maana, watu walipakia magunia kwenye mitumbwi usiku wakavuka ziwa hadi Rwanda, wakarudi na chumvi, sabuni, nguo. Wengine hawakurudi. Upepo wa usiku wa Ziwa Kivu hauna huruma, na kule kwetu wako wajane wa safari hizo. Mambo yalianza kubadilika wakulima walipojiunga kwenye vyama vya ushirika na vituo vya kuoshea kahawa vikajengwa, ndipo kahawa ya Kivu ikaanza kuuzwa kwa jina lake.

Kwa hiyo chombo chagua unachotaka. Ninachokuomba ni kwamba uionje kwanza kabla ya kukoroga sukari. Mtu alipoteza mume kwa ajili ya punje hizo.

Fundi wa Kinu

Pole sana Mjukuu.

Mleta uzi, hujaulizwa swali la kwanza: unasaga na nini? Presi inataka chenga nene. Moka inataka laini. Koni ni katikati. Ukitwanga kwenye kinu cha mbao utapata unga na vipande pamoja. Unga unapenya chujio la chuma na kulala chini ya kikombe kuwa matope, vipande havitoi ladha. Pesa ya kwanza iende kwenye mashine ya mkono ya kusaga yenye meno yanayorekebishika, chombo ni baadaye. Kipimo anza na gramu 60 kwa lita, yaani 15 kwa mililita 250.

Kuhusu maji: wanaandika sana kwamba birika likichemka ulingoje lipoe kidogo. Hiyo ni kwa watu wa pwani. Bukavu tuko kama mita 1,500 juu ya bahari, maji yetu yanachemkia karibu na nyuzi 95. Ukilitoa motoni, mimina palepale.

Swali la pili: kwa nini kabla ya kesho jioni?

Mwana wa Ibanda

Asante Fundi. Mashine ya mkono ninayo. Kesho jioni ni kwa sababu binamu yangu anarudi kutoka Kigali na presi nimeshamtumia pesa yake. Anaweza kuibadilisha asubuhi mkinipa sababu ya maana. Ila kusema kweli presi ina faida nyingi: haina karatasi, haina moto wa kusimamia, kila mtu nyumbani ataiweza. Sioni ubaya wake.

Kamalondo Mukubwa

Kumbe umeshalipa! Basi ulitaka tukupigie makofi.

Mkaangaji wa Nyawera

Ngoja nimpe sababu ya maana. Ni mambo ya kwetu haya, watu wa mbali hawayajui sana. Kahawa ya Kivu, na ya majirani zetu Rwanda na Burundi, ina tatizo la ladha ya kiazi kibichi. Linahusishwa na mdudu wa antestia anayetoboa tunda likiwa mtini. Punje inabaki inaonekana nzima, mimi ninayekaanga siwezi kuichambua kwa macho. Utaijua ukisaga tu: harufu ya maganda ya viazi inajaa jiko zima. Na punje moja inaharibu chochote kilichosagwa nayo.

Sasa piga hesabu. Umesaga gramu 60 za presi ya lita, punje moja imekunyang'anya lita. Umesaga 15 za koni, umepoteza kikombe. Mimi nasaga kikombe kwa kikombe na nanusa kabla ya kumimina maji. Ndiyo maana niko kwenye koni: gramu 15, maji kidogo kwanza, kama gramu 30, unaiacha nusu dakika ivimbe na kutoa gesi, halafu unamalizia kwa kuzungusha polepole. Dakika tatu imekwisha.

Mwana wa Ibanda

Presi ndogo pia zipo, za vikombe viwili. Hiyo ndiyo niliyoagiza. Kwa hiyo la kiazi tumelimaliza.

Muuguzi wa Zamu

Nimesoma uzi wote mara mbili na kuna kitu sikielewi. Nyumba iliyozoea sufuria miaka yote haihami ghafla, tena kwa haraka hivi. Hicho kikombe ni cha nani na ana umri gani? Kuna mwenye presha, moyo, au mafuta kwenye damu?

Mwana wa Ibanda

Kwa nini unauliza? Mimi nimeuliza chombo.

Muuguzi wa Zamu

Kwa sababu jibu la chombo linabadilika kabisa.

Mwana wa Ibanda

Sawa. Ni cha Papa. Ana miaka 71. Amepimwa damu, kolesteroli mbaya iko juu, na daktari alimwambia aache kahawa ya sufuria pamoja na mafuta mengi. Papa akasikia neno sufuria peke yake. Akasema basi nitafutieni chombo kingine. Presi si sufuria.

Na msiniambie koni. Papa anataka kahawa nzito inayoshika ulimi. Nikimpa ile nyepesi atainywa Jumatatu kwa heshima, Jumanne atarudi kwenye sufuria nikiwa kazini. Namjua. Heri presi anayoitumia kuliko koni inayokaa kabatini.

Muuguzi wa Zamu

Asante kwa kusema. Sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wanapotea.

Daktari hakuwa na ugomvi na sufuria. Kahawa ina mafuta yake, na ndani ya mafuta hayo kuna kemikali mbili, kafestoli na kaweoli, zinazopandisha kolesteroli mbaya. Wanorwe walilikuta jambo hili mapema, utafiti wa mji wa Tromsø ulichapishwa 1983, na wao walikuwa watu wa kahawa ya kuchemsha kama Papa. Baadaye ikaonekana kwamba karatasi inayashika mafuta hayo karibu yote. Chujio la chuma linayaachia yapite. Presi yako, kwa upande wa mafuta, ni ndugu wa sufuria: kahawa na maji vinakaa pamoja, halafu chuma. Moka iko katikati. Kahawa ya unga wa kuyeyuka haina shida hiyo, ila simuoni Papa akiikubali.

Simkatazi kahawa. Vikombe viwili vilivyopita kwenye karatasi, ale vizuri, anywe dawa kama amepewa, arudi kupimwa siku aliyopangiwa. Na daktari wake aambiwe ukweli anakunywa nini.

Jicho la Birere

Mimi niko Goma na nyuzi za namna hii nimezisoma nyingi. Angalieni: mwanzo ni mtu anayetafuta chombo cha nyumbani. Akibanwa kidogo, binamu wa Kigali. Akibanwa tena, baba mgonjwa. Kila swali linazaa mhusika mpya. Uzi huu umetungwa. Subirini, kesho tutaambiwa presi zimefika kumi na bei ni ya kindugu.

Kamalondo Mukubwa

Eh! Mimi nilishaanza kumhurumia mzee.

Mama Neema

Jicho, mtu akimtaja baba yake mgonjwa usimrukie. Ikiwa ni uongo, atajibu kwa Mungu. Ikiwa ni kweli, utajibu wewe.

Jicho la Birere

Mama, kwa heshima yote, watu wametapeliwa humu kwa machozi kuliko haya. Aweke picha ya karatasi ya maabara, ninyamaze.

Muuguzi wa Zamu

Mleta uzi, usithubutu. Matokeo ya mgonjwa hayawekwi mbele ya watu, hata ukificha jina. Jicho, niliyoyaandika juu ya karatasi na chuma yanabaki hivyohivyo, awe Papa huyo yupo au hayupo. Anasoma mtu mwingine mwenye baba kama huyo.

Mjukuu wa Idjwi

Yupo. Mimi ninaye mama mkubwa wa hivyo, na nilikuwa sijui habari ya chujio la chuma.

Mwana wa Ibanda

Sina presi ya kuuza. Dada zangu wamo humu, na Papa alikataza matokeo yake yazungumzwe na watoto wote, alinipeleka mimi peke yangu hospitali. Ndiyo maana nilizunguka. Mwanaume wa umri wake akisikia ugonjwa wake unajadiliwa mtandaoni hatakuambia tena anapoumwa, na mimi nataka aendelee kuniambia. Anayetaka kuamini aamini.

Ila Muuguzi umenivuruga. Kahawa nzito ndiyo furaha yake kubwa iliyobaki tangu Mama aondoke. Siwezi kumpa maji ya rangi.

Fundi wa Kinu

Haifiki huko. Uzito na mafuta ni vitu viwili. AeroPress, ile ya Alan Adler ya mwaka 2005, ina kikaratasi chake na bado inatoa kahawa yenye nguvu. Kama pesa haitoshi, acha presi ije. Pika humo kwa gramu 70 kwa lita badala ya 60, ngoja dakika nne, shusha chuma, halafu imimine kwenye kikombe kupitia karatasi. Ulimini itapungua unene kidogo, sitakudanganya, ila ukali unabaki. Papa aione presi mezani, asukume pistoni mwenyewe.

Muuguzi wa Zamu

Hiyo naikubali. Karatasi ndiyo inayofanya kazi, popote itakapowekwa. Lakini kila kikombe, si kile cha siku ambayo wewe uko nyumbani.

Mwana wa Ibanda

Hapo nimepata pa kushika. Karatasi nitazipata Bukavu, au nimwagize binamu?

Mkaangaji wa Nyawera

Mwagize, ziwe namba 4, zile za mashine za umeme za ofisini. Huku zinakuja na kukatika. Hazihitaji koni yake: ikunje pale kwenye mshono, ipandishe kwenye chujio la kawaida la chai juu ya kikombe.

Mwana wa Ibanda

Nimempigia sasa hivi. Presi ibaki ileile, aongeze pakiti mbili za namba 4. Papa nitamwambia karatasi ni ya kuzuia matope.

Muuguzi wa Zamu

Mwambie ukweli. Amebeba familia miaka yote hiyo, kikaratasi hakitamshinda.

Mkaangaji wa Nyawera

Na uiloweshe kwa maji moto kabla, umwage yale maji. Usipofanya hivyo kikombe cha kwanza kitakuwa na ladha ya karatasi, na mzee atasimama kwenda kutafuta sufuria.