Naomba ushauri: data za utafiti niziweke wazi kiasi gani?

Ndugu zangu, habari za kazi. Nasoma shahada ya uzamili hapa Kampala, utafiti wangu ni wa malaria vijijini upande wa Busia. Mfadhili wa Ulaya anataka data zote ziwekwe wazi mtandaoni.

Uwazi nauunga mkono kwa dhati. Virusi vya Zika vilipatikana 1947 katika msitu ulio karibu na Entebbe, na maarifa yale yamewafaa watafiti wa dunia nzima. Lakini data zangu zina majibu ya vipimo vya damu, umri, kazi, hata mahali kila nyumba ilipo kwa GPS. Majina nimeyafuta, sawa. Ila katika kijiji kidogo, mjane mwenye duka pekee atajulikana tu. Watu hawa waliniamini! Na Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inazipa taarifa za afya ulinzi wa pekee.

Mliopitia hili, mlitoa kila kitu, au muhtasari tu, na data kamili kwa mkataba? Nani aliamua nani apewe, kamati ya maadili au msimamizi? Na sampuli za damu zinazopelekwa nje, mkataba wenu ulisemaje kuhusu matumizi ya baadaye? Mfadhili anasubiri jibu mwezi huu.